Mgeni wa Mikindani anadai Kusini hakuna watalii kwa sababu ya mstari wa kilomita 20. Wadau mnasemaje?

#1 MwanaShangani
Wakuu, salama. Kuna mzungu mstaafu amepanga Mikindani, huu mwaka wa nne. Kiswahili kinapanda, wanaomjua wanamjua, jina tuliache. Jioni zote yuko barazani na redio na simu, anasoma habari za dunia na kuzitolea hukumu. Juzi kamwaga hoja nikaona nizilete zipigwe msasa.

Kwanza anasema wahariri wa kwao hawana rula: vita ya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, ikitajwa, msomaji wao anasikia "mpaka wa Tanzania", na Tanzania anayoijua yeye ni Serengeti. Pili, nchi ya utalii huwa ni nchi mbili, ya wageni na ya wenyeji, ila Mtwara ipo moja tu, ndiyo maana ukikaa wiki tatu unauziwa pweza kwa bei ya jirani. Tatu, kinachoua utalii Kusini ni mstari wa tahadhari wa kilomita 20 kutoka mpaka wa Msumbiji, uliochorwa Ulaya; barabara na hoteli ni visingizio. Ya nne naiweka akiba, maana itawasha moto.

#2 KoroshoGhafi
Kiti nimeshavuta. Lete na ya nne.

#3 MkataTiketi
Mgeni wako yuko sahihi nusu. Mstari haumzuii mtu kuja. Kinachomzuia ni bima.

Uingereza inawashauri raia wake wasiingie ndani ya kilomita 20 kutoka mpaka wetu na Cabo Delgado isipokuwa kwa shughuli ya lazima. Ni ushauri tu, hakuna askari wa kumrudisha mtu uwanja wa ndege. Sasa chukua mkataba wa bima ya safari, ruka kurasa za picha, nenda kwenye yasiyolipwa. Mikataba mingi ina kifungu hiki: ukienda mahali ambapo wizara yenu ya mambo ya nje imeshauri msiende, bima haifanyi kazi. Mtu akiteleza kwenye mwamba Msimbati akavunja mguu, jambo lisilohusiana na vita hata chembe, kampuni inaweza kugoma kulipa. Na wakala wa safari wa huko hauzi kifurushi cha namna hiyo, kwa sababu mteja akipata tatizo mzigo unamrudia yeye. Kwa hiyo mtalii hata haambiwi kwamba Msimbati ipo. Haikatazwi, inaachwa tu nje ya orodha.

#4 FundiRamani
Nyongeza kwa #3, maana watu huchanganya. Kilomita 20 zinahesabiwa kutoka mpakani, yaani mto Ruvuma, siyo kutoka mnara wa saa wala stendi. Mtwara mjini iko nje ya mstari. Mikindani, kilomita kama 10 mbele kuelekea Lindi, ndiyo iko nje kabisa. Ndani wapo Msimbati, Kilambo, Kitaya na mdomo wa Ruvuma. Yaani sehemu tamu ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi imemezwa, mji umebaki.

Mwenye simu apime mwenyewe: fungua ramani, bonyeza kwa muda sehemu ya mto iliyo karibu zaidi na unakopima, chagua kupima umbali, vuta mpaka kwenye paa la nyumba unayoitaka. Kosa la wengi ni kupima kwa barabara. Barabara ya Msimbati inazunguka, mstari hauzunguki.

#5 MtaniWaLindi
Nyie Mtwara hata vita ikipita nchi ya jirani mnajisifia. Sisi Lindi hatupakani na Msumbiji kabisa, mstari hautugusi, na watalii hatuna vilevile! Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, zikatolewa 2014 baada ya kazi nzuri ya ukarabati. Kutoka Dar mpaka Kilwa Masoko ni kilomita 300 na kitu za lami. Mstari unahusikaje hapo? Mwambieni mgeni wenu atafute sababu nyingine.

#6 MwanaShangani
Hapo chacha.

#7 NahodhaWaMasoko
Kilwa tatizo ni saa, na kwa saa namaanisha maji.

Mtalii anatoka Dar alfajiri akidhani atatazama magofu na kurudi siku hiyohiyo. Akifika Masoko ni mchana. Kibali kinatakiwa kabla ya kupanda chombo, na kinalipiwa kwa kontroli namba. Mtandao ukiwa chini, anakaa kwenye benchi. Kisiwani pako karibu, kama kilomita 2, hapo hakuna shida. Shida ni Songo Mnara. Kule unaingia kwa mkondo wa mikoko, na maji yakiwa yamekupwa chombo kinakaa mbali, mgeni anashuka kwenye tope la magotini na kamera kichwani.

Sasa sikilizeni. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani yetu maji hukupwa kabisa saa nne hadi saa tano asubuhi, yaani saa ileile mtalii kamaliza chai na yuko tayari kuondoka. Yanajaa saa kumi, alfajiri na jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: saa nne yamejaa, ingawa si kujaa kwa kutisha, na chombo kinaingia vizuri. Kila siku saa inasogea mbele kama dakika 50. Anayepanga safari ya Songo Mnara bila kutazama mwezi amepanga safari ya tope. Ukilala Masoko usiku mbili mambo yote yanakaa sawa, ila vifurushi vya Dar vinauza usiku mmoja au sifuri.

#8 DerevaKusini
#5 usiseme "lami" ukanyamaza. Ni lami, lakini ni uzi mmoja. Tangu daraja la Mkapa lifunguliwe Rufiji 2003, Kusini yote inaning'inia kwenye barabara ile ile: Kibiti, Ikwiriri, Somanga, Nangurukuru. Kimbunga Hidaya kilipofika Mei 2024, mvua ikakata barabara maeneo ya Somanga, mikoa miwili ikabaki kisiwa. Njia mbadala ni Songea, Tunduru, Masasi, yaani kutoka Dar mpaka Mtwara zaidi ya kilomita 1,500 badala ya 560 na kidogo. Na tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika, mtandao ukachechemea nchi nzima. Mgeni wa Mikindani wiki zile barabara alikosa, na habari za dunia zilikuwa zinamfikia kwa kukwama. Labda ndiyo maana ana redio, ha ha.

Mtalii mwenye ndege ya kurudi kwao Jumapili hawezi kuweka siku zake kwenye uzi mmoja. Anakwenda kule kwenye njia tatu na ndege kumi.

#9 BintiMikindani
Ndege zipo, uwanja wa Mtwara umerefushwa. Nyote mmekwepa suala lenyewe: vyumba vya Mtwara havikujengwa kwa ajili ya watalii. Vimejengwa kwa ajili ya wahandisi wa gesi na watu wa semina. Enzi zile za 2012 mpaka 2014, mitaa ya Shangani nyumba zilipangishwa kwa dola, jenereta kubwa, uzio mrefu, bahari huioni. Bei ya mafuta ilipoporomoka na mradi wa gesi wa Likong'o, Lindi, ukaanza kusuasua, wahandisi wakaondoka, bei ikabaki imesimama kama mlingoti wa dau bovu. Halafu kuanzia Oktoba wanunuzi wa korosho wanajaza vyumba vyote, hakuna mwenye hoteli anayehangaika kumbembeleza mtalii. Wakati mzuri wa mtalii ni Julai mpaka Oktoba, kusi linavuma, mvua hakuna, nyangumi nundu wanapita na watoto. Katika miezi hiyo meneja yuko likizo.

Na hata bei yenyewe mpaka juzi ilikuwa imeandikwa kwa dola mpaka zilipotoka kanuni za Machi 2025 za kutaka bei za ndani ziwe kwa shilingi. Mikindani tunalo boma zuri alilolala Livingstone, limekarabatiwa, lina bwawa, lakini lipo moja.

#10 MzeeWaBarazani
Binti, hapo umechemka kidogo. Livingstone alitua Mikindani Machi 1866 akielekea Ruvuma, akafariki 1873. Boma limejengwa na Wajerumani 1895. Angelalaje humo, labda mzimu wake. Hii ndiyo kasoro ya waongoza wageni wetu: mgeni amesoma, ukimpa mwaka usiokaa sawa anaacha kuamini na yale ya kweli uliyomwambia.

#11 BintiMikindani
Nimepokea, babu. Asante. Hoja ya vyumba inabaki palepale.

#12 KoroshoGhafi
Mnazungumza kama habari za dunia zinamhusu mtalii peke yake. Mkulima wa Newala anaishi kwa habari za dunia kuliko mwenye hoteli ya Nungwi. Korosho ghafi inaondoka kwenda India na Vietnam kubanguliwa, ushuru ukibadilika kule mnada unahema huku. Meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, zikazunguka Afrika Kusini, mpangilio wa makontena ulivurugika dunia nzima. Stakabadhi ghalani tunayo tangu 2007, na 2018 serikali iliamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo wanunuzi walipogoma kupanda bei. Hayo yote ni habari za dunia, mgeni huyo hayajadili kwa sababu hayapo kwenye redio yake.

Swali la kando: huyo mstaafu akija mjomba wake akamzungusha Mikindani kwa ujira, si anavunja sheria?

#13 MkaguziMstaafu
Akimzungusha mjomba bure, havunji chochote. Akichukua ujira, anavunja. Agizo la Julai 2025 limewazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na kuongoza watalii ni mojawapo. Zimo pia uwakala wa pesa kwa simu, saluni, udalali wa nyumba na, #12 hii yako, kununua mazao shambani. Faini si chini ya shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na kibali kinafutwa. Mtanzania anayemkingia kifua mgeni naye ana fungu lake: milioni 5 au miezi mitatu.

Kuhusu ukaazi, wengi hukosea daraja. A ni la mwekezaji na aliyejiajiri, B ni la mwajiriwa, C ni la wale wasio A wala B: wamisionari, watafiti, wanafunzi, wa kujitolea na kadhalika. Mwenye C akikutwa kaunta ya mgahawa "akimsaidia rafiki", ile ni kazi, hata kama halipwi. Ndiyo kesi ya kawaida kabisa. Na ardhi asithubutu: Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu mgeni kumilikishwa isipokuwa kwa uwekezaji uliopitia utaratibu wake. Kununua kiwanja kwa jina la mpenzi au mlinzi ni kumzawadia mlinzi kiwanja.

#14 KoroshoGhafi
😂😂 Mlinzi anasubiri tu.

#15 MwanaShangani
Haya, ya nne. Mgeni anasema hivi: hata mstari ukifutwa kesho, msiwaite watalii. Anasema nchi ya utalii ikipata habari mbaya kutoka mbali inaanguka kwa kosa lisilo lake. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, mamia ya Waukraine walikwama Zanzibar, hoteli hazijui zidai nani. Bora kijiji cha pweza.

#16 MtaniWaLindi
Ameshaingia ndani, sasa anatia komeo!

#17 MzeeWaBarazani
Komeo lenyewe la mlango wa mtu.

#18 MkataTiketi
Mcheke, lakini hoja ya umbali ni ya kweli. Mwaka 2014 Ebola ilikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone, watu wakafuta safari za Serengeti. Kutoka Monrovia mpaka Madrid ni karibu kuliko kutoka Monrovia mpaka Arusha, na sikusikia aliyefuta safari ya Madrid. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Biharamulo, kule Kagera, maswali yalikuja mpaka kwa watu wa boti za pwani. Mtu wa Ulaya habari anaipokea kwa jina la nchi, au la bara zima. Wilaya haipo kichwani mwake.

#19 FundiRamani
Tusijifanye mstari umechorwa na mlevi lakini. Mashambulizi ya waasi yalianza Mocímboa da Praia, Cabo Delgado, Oktoba 2017. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu, kilivamiwa. Palma, mji wa Msumbiji ulioshambuliwa Machi 2021, iko chini ya kilomita 70 kutoka Mtwara kwa mstari wa ndege. Ukiwa afisa wa ubalozi, na kazi yako ni kutolaumiwa, ungechora nini? Kulalamikia mstari ni sawa, kudai hauna sababu ni chai.

Ubaya wake uko kwingine: unachorwa kwa siku moja na unafutwa kwa miaka. Kuuchora kunahitaji tukio. Kuufuta kunahitaji mtu akubali kutia sahihi kwamba tukio halitarudi.

#20 MtaniWaLindi
Haya basi, mimi nashikilia la bidhaa. Mnamwambia mtalii aje aone nini? Chukua Tendaguru, huku kwetu Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria), zaidi ya tani 200, ikabebwa na wapagazi kichwani na mabegani siku nne mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mjusi amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, kimo mita 13 na zaidi, watu wanakata tiketi. Ukienda Tendaguru leo unakuta miombo na majani. Mtalii aliyetoka Berlin umpeleke kwenye shimo ambalo kilichokuwamo kiko kwao?

#21 BintiMikindani
Shimo lenyewe linauzika mtani, ukiwa na mtu wa kulisimulia. Wapagazi walipita wapi, walilala wapi, walilipwa nini. Tatizo hakuna aliyeiweka njia ile miguuni. Gari la juu linafika kiangazi tu, na siku nzima inakwisha.

#22 MpigaMbizi
Mmesahau hospitali. Wazamiaji ndio watalii wanaolipa vizuri na matumbawe ya Ghuba ya Mnazi yanawafaa, lakini mwenye akili huuliza kwanza: nikipanda juu haraka nikapata ugonjwa wa mapovu kwenye damu, chumba cha mgandamizo kiko wapi? Mtwara hakipo, unakwenda Zanzibar. Na kwa ndege huendi hivihivi, maana kupanda juu kunaongeza mapovu. Lazima iruke chini au chumba chake kigandamizwe kufikia hali ya usawa wa bahari. Hata asiyeumwa, akizamia mara moja asubiri saa 12 kabla ya kuruka, akizamia siku kadhaa mfululizo saa 18. Sasa mtu kaja siku tatu, ndege yake ya kwenda Dar ni asubuhi ya siku ya tatu. Hesabu inagoma yenyewe: kuzamia jana yake mwisho ni mchana.

Kwa magonjwa ya kawaida tuna Ligula, Hospitali ya Kanda kule Mitengo, na Ndanda ya wamisionari ukielekea Masasi. Hilo liandikwe kwenye majibu ya hoteli. Wageni wanaliuliza kabla ya kuuliza bwawa.

#23 MkataTiketi
Na hapo ndipo tunapoharibu wenyewe. Mgeni anaandika: "Je, Mtwara ni salama?" Anajibiwa: "Karibu sana, amani ipo." Jibu hilo linamfukuza, maana ndilo analojibiwa kila mahali, hata pasipo na amani. Mjibu hivi: utalala Mikindani, iko nje ya eneo la tahadhari, hii hapa ramani yenye mstari na umbali. Ratiba yako haiingii Msimbati. Ukitaka Msimbati, ongea kwanza na kampuni yako ya bima na wakujibu kwa maandishi, siyo kwa simu. Hospitali ya karibu ni hii, barabara ikikatika Somanga ndege zipo siku fulani. Jibu la aya moja, namba nne. Mtu wa Ulaya anapenda kuambiwa kibaya kiko wapi, ndipo anaamini kizuri.

#24 DerevaKusini
Na bado mvua ikinyesha Somanga namba zako zote nne zinalowa.

#25 MtaniWaLindi
Na bado Kilwa haina mstari na haina watu.

#26 BintiMikindani
Na bado meneja yuko likizo.

#27 KoroshoGhafi
Mtwara kuchele! Uzi umefika ukurasa wa tatu, kila mtu na mbuyu wake.

#28 MwanaShangani
Nimemsomea mgeni uzi mzima barazani. La komeo kacheka mpaka kakohoa. La Livingstone anasema alikuwa analijua, alikuwa anangoja tuligundue. La bima kakubali, ila anashikilia kwamba bila mstari bima isingegoma, kwa hiyo ni yaleyale. #19 kanyamaza nalo muda mrefu. Halafu anamuuliza Nahodha: Jumamosi hii anataka kutembea kwenye mwamba Msimbati kuangalia konokono wa bahari, maji yanakupwa saa ngapi?

#29 NahodhaWaMasoko
Mwezi umeandama juzi, tuko kwenye bamvua. Jumamosi yanakupwa kabisa mnamo saa tano kasoro. Awe mwambani saa tatu na nusu, atembee kufuata maji yanavyotoka, saa tano na robo ageuke. Avae viatu vya kufunga, kandambili zinanyonywa na tope, na miiba ya mwambani haiombi radhi.

#30 FundiRamani
Msimbati iko ndani ya mstari lakini. Bima yake inasemaje?

#31 MwanaShangani
Nimemuuliza. Iliisha mwaka wa pili, hakuifanya upya.